Maktaba ya chuo kikuu imepangwaje, na mada yako iko kona gani: mwongozo kamili

Mwanafunzi anayeingia maktaba kuu ya chuo kwa mara ya kwanza huuliza, "Vitabu vya mada yangu viko wapi?" Jibu ni kwamba haviko mahali pamoja. Maktaba hupangwa kwa taaluma, na mada za watu hazijali mipaka ya taaluma. Ni kama Kariakoo: nguo zina mtaa wake, vyombo vina wake, na mwenye vipuri anakuelekeza Gerezani. Mwenye harusi hakuti mtaa wa harusi. Anazunguka.

Hapa chini ni namna ya kuzunguka bila kumaliza muhula mzima ukipanda na kushuka ngazi. Ili tusielee hewani, nitashika mada moja mwanzo hadi mwisho: kilimo cha mwani Zanzibar. Kilianza kibiashara mwaka 1989 huko pwani ya mashariki ya Unguja, mbegu zikiletwa kutoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maktaba nitakayoirejea zaidi ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ila anayesoma Makerere, Nairobi au Dodoma atakuta mambo mengi yanafanana.

Hatua ya 1: Jua nani anafanya nini ndani ya jengo

Mlimani kuna jengo la zamani, lililobeba jina la Dk. Wilbert Chagula aliyekuwa mkuu wa chuo katika miaka ya 1960, na kuna jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018. Hilo jipya lina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Kwa ukubwa huo, kutegemea bahati hakutakufikisha popote.

Maktaba yoyote ya chuo ina sehemu unazoziona na usizoziona. Unazoziona ni kaunta ya kuazima na kurudisha, dawati la maulizo, chumba cha vitabu vya rejea (kamusi, ensaiklopidia, takwimu za serikali), sehemu ya majarida, mikusanyo maalumu na chumba cha kompyuta. Usizoziona ni idara ya ununuzi na idara ya kuorodhesha vitabu. Wengi hawana habari na hizi mbili za mwisho, kumbe ndizo zinazoamua kitabu kitakaa wapi na kitafika rafuni lini. Ukiona kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, kwamba kitabu kimeagizwa au bado kinashughulikiwa, usikate tamaa. Huenda kiko ndani ya jengo hilohilo, nyuma ya mlango uliofungwa. Nenda dawatini, omba kiharakishwe, acha jina na namba ya simu.

Halafu hudhuria mafunzo ya watumiaji mwanzoni mwa mwaka. Najua wengi huyakimbia wakidhani ni porojo za kukaribishwa. Hapo ndipo unapewa nywila ya majarida ya mtandaoni, na bila hiyo hatua ya 6 haitakusaidia kitu.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma namba iliyo mgongoni mwa kitabu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea. Vyuo vikuu vikubwa vya Afrika Mashariki hutumia mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza na herufi. Maktaba za umma, ile Maktaba Kuu ya Taifa ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed ikiwemo, hutumia mpangilio wa Dewey uliotoka mara ya kwanza mwaka 1876, ambao ni wa tarakimu tupu: historia ya Zanzibar ni 967.81, fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Vyuo vya tiba duniani mara nyingi hufuata mpangilio wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, wenye herufi W. Usitoke na namba ya maktaba moja ukaitafutia kitabu kwenye nyingine.

Mpangilio wa herufi ndio huu, kwa ufupi. A ni vitabu vya jumla. B ni falsafa, saikolojia na dini. C hadi F ni historia. G ni jiografia na anthropolojia, na bahari imo humo pia. H ni sayansi za jamii: uchumi, biashara, kazi, familia. J ni siasa, K ni sheria, L ni elimu, M muziki, N sanaa, P lugha na fasihi. Q ni sayansi, R tiba, S kilimo na uvuvi, T uhandisi na viwanda. U na V ni mambo ya kijeshi na majini, na Z ni taaluma ya vitabu na maktaba yenyewe. Herufi I, O, W, X na Y hazikutumika, kwa hiyo usizitafute.

Mpangilio huu ulitungwa Washington mwishoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya vitabu vya maktaba ile, na hilo linaonekana. Historia ya mabara ya Amerika imepewa herufi mbili nzima, E na F. Afrika yote, kutoka Cairo hadi Cape Town, imebanwa kwenye DT, tawi moja tu la D (herufi ya pili huonyesha tawi la taaluma). Kiswahili nacho kimewekwa PL, chumba kimoja na Kichina na Kijapani, kwenye namba 8701 hadi 8704. Na kwa kuwa fasihi hugawanywa kwa lugha iliyoandikiwa, riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Nobeli ya mwaka 2021, zinakaa PR pamoja na fasihi ya Kiingereza, mbali na Shaaban Robert aliye PL. Anayeandika kuhusu fasihi ya pwani lazima atembelee kote kuwili.

Sasa namba yenyewe. Tuseme umeandika kwenye karatasi:

HD 6207 .M76 2004

Huu ni mfano wa kubuni, ila namba halisi zimeundwa hivihivi. Isome kipande kwa kipande, kushoto kwenda kulia.

HD hufuata alfabeti: utapita H, HA, HB na HC kabla ya kuifikia.

6207 ni namba nzima ya kawaida. HD 75 inatangulia HD 620, na HD 620 inatangulia HD 6207.

.M76 ndiyo inayotesa watu. Ile nukta si pambo. Kuanzia hapo tarakimu ni desimali, kwa hiyo .M76 iko kabla ya .M8, na .M756 iko kabla ya .M76. Mtu anayehesabu kwa mazoea anaona 8 ni ndogo kuliko 76, anatafuta upande usio wake, kisha anaenda kaunta kulalamika kwamba kitabu kimeibwa.

2004 ni mwaka wa kuchapishwa. Matoleo ya kitabu kimoja hupangana kwa mwaka, basi tazama kulia kidogo kama liko jipya zaidi.

Mbele ya yote hayo kunaweza kuwa na herufi za ziada au neno linaloonyesha kitabu kiko chumba gani: rejea, mikusanyo maalumu, vitabu vya kusomea humohumo. Ukiliruka neno hilo, utatafuta namba sahihi kwenye ghorofa isiyo yake.

Hatua ya 3: Chora ramani ya mada yako

Chukua karatasi, uliza mada yako inagusa taaluma zipi, kisha andika herufi ya kila moja. Kwa mwani inakuwa hivi:

Namna ya kulima, kamba, vigingi na magonjwa ya mwani: SH, uvuvi na ufugaji wa viumbe vya majini.
Mwani kama mmea: QK, botania.
Maji, mawimbi na joto la bahari: GC.
Karajinani, ule ute unaotolewa kwenye mwani na kutiwa kwenye dawa za meno na vyakula vya viwandani: TP.
Wanawake, kazi na kipato: HD kwa upande wa kazi, HQ kwa upande wa familia na jinsia.
Zanzibar yenyewe: DT 449, kwenye vitabu vilivyowekwa alama ya Z.
Haki ya kutumia ufukwe, uvuvi na utalii: K.

Sehemu saba, na pengine ghorofa tatu tofauti. Mwanafunzi wa sosholojia anayekaa kwenye H peke yake ataandika tasnifu nzuri kuhusu kipato bila kueleza kwa nini mwani unakufa maji yanapopata joto. Wa sayansi za bahari naye ataeleza joto vizuri, asijue kwa nini kina mama wanaendelea kulima wakati bei imeshuka. Watahini hupenda sana kuchokonoa mapengo ya namna hii.

Ukifika kwenye rafu, usichukue kitabu kimoja ukaondoka. Soma migongo ya vitabu kumi kushoto na kumi kulia. Faida kubwa ya mpangilio kwa taaluma ni kwamba majirani wa kitabu chako wanazungumza jambo lilelile, na wengine hukuwajua.

Hatua ya 4: Zungumza na katalogi kwa maneno yake

Katalogi siku hizi iko kwenye kompyuta, na vyuo vingi vya kwetu hutumia Koha, programu huria iliyoundwa New Zealand. Unaweza kuifungua kwa simu ukiwa hosteli.

Katalogi ina njia mbili za kutafuta. Ya kwanza ni kwa neno lolote, na ndiyo kila mtu anaitumia. Ya pili ni kwa kichwa cha somo, yaani jina rasmi ambalo idara ya kuorodhesha imekipa kila kitabu cha mada hiyo bila kujali mwandishi kakiitaje. Majina hayo ni ya Kiingereza na mengine si yale ungeyafikiria: kilimo cha mwani kinaitwa "Marine algae culture", si "seaweed farming". Usihangaike kuyakisia. Tafuta kwa neno la kawaida hadi upate kitabu kimoja kinachokufaa, kifungue kwenye skrini, tazama vichwa vya somo chini yake, kisha bonyeza. Vitajitokeza vyote vilivyopewa jina hilo, hata ambavyo havina neno mwani popote kwenye jalada.

Tafuta pia kwa majina yote ya mahali: Zanzibar, Unguja, Pemba, na majina ya vijiji kama Paje na Jambiani. Mwani wenyewe una majina yanayochanganya. Aina mbili zinazolimwa, Eucheuma denticulatum na Kappaphycus alvarezii, wafanyabiashara huziita spinosum na cottonii, na maandiko mengi ya zamani yametumia majina hayo ya sokoni. Ukitafuta kwa jina la kisayansi peke yake, utakosa ripoti nyingi za miaka ya mwanzo.

Na usitafute kwa Kiingereza tu. Ripoti na vitabu vya Kiswahili vipo, ila mara nyingi vimeorodheshwa kwa maelezo mafupi, hivyo ni rahisi kupitwa navyo.

Hatua ya 5: Mtafute mkutubi wa somo lako

Maktaba nyingi za chuo humpa mkutubi mmoja au wawili jukumu la kitivo au ndaki fulani. Yeye ndiye anayependekeza vitabu vya kununuliwa kwa masomo hayo, anayewafundisha wanafunzi kutafuta, na anayejua hifadhidata ipi imelipiwa mwaka huu na ipi imekatwa. Kwa maoni yangu ndiye mtu anayetumika kidogo kuliko wote chuoni. Watu wanamwona kama mlinzi wa vitabu, wakati wengine wana shahada za uzamili na uzamivu.

Jinsi ya kumwendea: fanya kwanza hatua ya 2 hadi ya 4, kisha nenda na karatasi yako. Usimwendee saa ambayo kaunta imejaa. Msalimie inavyostahili, kama ni mtu mzima, shikamoo kwanza, shida baadaye. Halafu usimwambie "naomba vitabu vya mwani". Sema hivi:

"Mama, naandika tasnifu kuhusu kipato cha wanawake wanaolima mwani Unguja tangu 1989. Nimeshapita SH na HD, na nimepata hivi vitatu. Nakosa takwimu za bei za miaka ya nyuma. Naweza kuzipata wapi?"

Ukiuliza hivyo atajua hujaja kufanyiwa kazi, na atakupa vitu visivyo kwenye katalogi: ripoti za wizara zilizowekwa kwenye majalada, jina la sehemu nyingine, au tasnifu ya mtu aliyepita njia hiyohiyo. Mwombe pia aingize kitabu unachokikosa kwenye orodha ya maagizo. Maombi ya wasomaji ni hoja anayoweza kuipeleka kwenye kikao cha bajeti.

Hatua ya 6: Ingia kwenye majarida ya mtandaoni

Vitabu hueleza misingi. Matokeo mapya ya utafiti hutoka kwenye majarida, na hayo sasa hupatikana zaidi mtandaoni. Chuo kimoja hakiwezi kulipia yote, kwa hiyo maktaba hununua kwa kuungana: za Tanzania zina umoja uitwao COTUL, za Kenya KLISC, za Uganda CUUL. Kuna pia Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa ada ndogo. Ulianza na HINARI ya afya mwaka 2002, ukafuata AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Kwa mwani, anza na AGORA na OARE.

African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika inayoendeshwa Afrika Kusini, nayo usiiache. Humo utakuta jarida la sayansi za bahari la ukanda wetu wa magharibi ya Bahari ya Hindi, linalotolewa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda huo chenye makao yake Zanzibar. Makala zake nyingi za mwani ziliandikwa na watu waliosimama kwenye maji hayo.

Ukiwa chuoni, mtandao wa chuo hukufungulia milango mingi bila kuulizwa. Ukiwa nyumbani utaambiwa ulipe dola thelathini na kitu kwa makala moja. Usilipe. Pitia ukurasa wa maktaba, ingia kwa nywila yako, kisha ifungue makala kutokea hapo. Kwenye Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya viungo vya maktaba, utafute chuo chako. Kama maktaba imejisajili, kiungo kitaonekana pembeni ya kila makala ambayo chuo kina haki nayo.

Hatua ya 7: Omba kuingia kwenye mkusanyo wa Afrika Mashariki

Mlimani unaitwa East Africana, Makerere wana Africana yao. Humo mna vitu visivyopatikana kwa muuza vitabu yeyote: machapisho ya serikali tangu ukoloni, tasnifu, magazeti ya zamani, nyaraka za watu binafsi. Maktaba ya Mlimani ni miongoni mwa maktaba ambazo kwa sheria hupelekewa nakala ya kinachochapishwa nchini. East Africana ina karatasi za Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekusanya mila na sheria za Wasukuma, Wahaya na wengine akiwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, na hati za Kiswahili na Kiarabu zilizokusanywa pwani, ambazo katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970.

Mkusanyo wa aina hii una masharti yake. Huingii rafuni, unajaza fomu, unaletewa. Huazimi kwenda navyo. Begi huachwa nje, penseli ndiyo ya kuandikia, na kupiga picha huombewa ruhusa. Nenda asubuhi, maana kuletewa kunachukua muda. Anza na tasnifu za wenzako waliotangulia, na ndani yake soma orodha ya marejeo kabla ya kitu kingine: mtu alitumia miaka miwili kuikusanya, na wewe unaisoma kwa nusu saa.

Hatua ya 8: Toka nje ya jengo

Masomo mengine yalishahama na vyuo vyake. Kilimo, kilichokuwa kitivo cha Mlimani, kiligeuka chuo kikuu kamili cha Sokoine mwaka 1984, na ndani yake Morogoro ipo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine. Tiba ilijitenga ikawa chuo kikuu cha Muhimbili mwaka 2007. Nairobi nao maktaba zao zimetawanyika na kampasi: sheria Parklands, elimu Kikuyu, kilimo na mifugo Upper Kabete, tiba penye Hospitali ya Kenyatta. Kabla ya kupanda basi, fungua katalogi ya huko mtandaoni uhakikishe kitu kipo na hakijaazimwa.

Kwa mada yetu kuna sehemu mbili za Unguja. Taasisi ya Sayansi za Bahari ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lakini iko Zanzibar, na ndiyo iliyofuatilia mwani kwa miaka mingi. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, zitakufaa kwa historia ya pwani na biashara yake kabla ya mwani wa kulimwa. Kote kuwili nenda na barua ya utambulisho kutoka chuoni, na kumbuka utafiti wa Zanzibar una kibali chake, tofauti na cha Bara. Kiombe mapema.

Hatua ya 9: Kuazima, kurudisha, kuondoka

Idadi ya vitabu na siku hutofautiana kwa chuo na kwa ngazi yako ya masomo. Soma bango kwenye kaunta. Vitabu vinavyogombewa huwekwa kwenye akiba ya muda mfupi, vingine kwa saa chache tu, na faini yake ni kali kuliko ya kawaida. Wakati wa mitihani, vizia akiba hiyo jioni karibu na kufunga, wakati wengine wanarudisha. Ongeza muda kupitia akaunti yako kabla tarehe haijafika, kwa sababu mwenzako akishakiwekea oda mfumo hautakuruhusu.

Usimwazimie rafiki kitabu kwa kitambulisho chako, hata kama mnalala chumba kimoja. Siku ya kuchukua cheti, fomu ya kliaransi hupita maktaba, na jina linalosomeka pale ni lako. Ukiwa umeandika tasnifu, uliza mapema maktaba inataka nakala ngapi zilizojalidiwa, jalada la rangi gani, na faili la kuweka kwenye hazina ya kidijitali liwe la namna gani. Mafundi wa kujalidi hujaa sana wiki za kabla ya mahafali, na bei yao hupanda.